Pishi Mbili za Ijumaa

Kwetu ni Upare, upande wa Same, kwenye vijiji vilivyoshikilia mgongo wa mlima. Wamisionari Waadventista kutoka Ujerumani walifika huko mwaka 1903, na bibi yangu alizaliwa imani hiyo ikiwa imeshaota mizizi. Ndiyo maana utotoni mwangu siku yenye kazi kuliko zote ilikuwa Ijumaa.

Kabla hakujapambazuka vizuri bibi alikuwa ameshateleka makande, mahindi na maharage kwenye chungu kikubwa juu ya mafiga, maana makande hayataki haraka. Sisi wajukuu tuliteka maji mara mbili ya siku nyingine. Kuni mara mbili. Nguo zilifuliwa, viatu vikapakwa rangi na kupangwa ukutani vikitazama mlango. Bibi aliiita siku ya maandalio. Jua likianza kujificha tulikuwa tumeshaosha miguu, chemli imewashwa, tunaimba wimbo mmoja, bibi anaomba, na Sabato inafunguliwa. Tangu hapo mpaka jioni ya Jumamosi hakuna aliyeshika jembe wala aliyetwanga. Makande tuliyokula ni yale ya jana, na nawaambia kweli, makande yaliyolala ni matamu zaidi.

Siku moja, nikiwa nimechoka na ndoo ya pili, nikamuuliza: "Bibi, kwani kesho hakuna maji mtoni?"

Hakunikemea. Alinyanyuka akaenda kwenye kichanja, akarudi na kopo la mti, limekuwa jeusi kwa uzee na kung'aa kwa kushikwa. Akaniwekea mapajani. "Hii ni pishi," akasema. "Kaa nikueleze habari ya watu waliopewa pishi mbili."

Ninyi mnaonunua mchele kwa kilo huenda hamjaiona pishi. Kibaba mnakijua, angalau kwa methali, kwamba haba na haba hujaza kibaba. Basi vibaba vinne ni pishi moja. Waliotafsiri Biblia kwa Kiswahili walikuta katika kitabu cha Kutoka kipimo cha Waebrania kiitwacho omeri, lita mbili na kitu, wakakiita kwa jina la kipimo kilichokuwa jikoni mwa kila Mswahili. Nawashukuru. Kwa sababu yao mtoto wa Upare aliweza kuishika habari ya jangwani kwa mikono yake miwili.

Habari yenyewe ni hii.

Waisraeli walikuwa wametoka Misri mwezi mmoja tu. Waliondoka siku ya 15 ya mwezi wa kwanza, na siku ya 15 ya mwezi wa pili walikuwa wameingia jangwa la Sini, kati ya Elimu na mlima Sinai. Elimu palikuwa pazuri, pana chemchemi 12 na mitende 70. Huku mbele palikuwa mawe na mchanga. Usiku ule wa kutoka walibeba unga mabegani ukiwa umekandwa lakini haujaumuka, na mwezi mmoja ni mrefu sana kwa chakula cha begani. Njaa ilipouma wakaanza kunung'unika. Wakavikumbuka vyungu vya nyama vya Misri. Njaa ina tabia hiyo, hukumbusha nyama na kusahaulisha kiboko.

Maana Misri walikuwa watumwa wa kufyatua tofali. Kila siku kulikuwa na hesabu ya tofali za kutoa. Musa alipokwenda kwa Farao kuomba watu wapewe siku tatu tu wakamwabudu Mungu wao nyikani, Farao alijibu kwamba ni wavivu hao, ndiyo maana wanatafuta safari. Akaamuru wasipewe tena majani makavu ya kuchanganya na udongo. Wakayatafute wenyewe, na hesabu ya tofali isipungue hata moja. Wasimamizi waliposhindwa kuitimiza walipigwa.

Nataka mtulie kidogo hapo, watoto wangu. Mtu aliyekulia kwenye kazi ya namna hiyo, na baba yake akakulia humo humo, moyoni mwake kuna jambo limeshikamana: nikisimama, nitapigwa; nikisimama, sitakula. Unaweza kumtoa mtu huyo Misri kwa usiku mmoja. Hofu ile haitoki kwa usiku mmoja.

Mungu aliwasikia. Jioni wakaja kware, ndege wanono wa kuruka chini chini, wakaifunika kambi. Asubuhi kukawa na umande pande zote, na umande ulipokauka kikabaki juu ya ardhi kitu kidogo, chepesi, cheupe kama sakitu. Punje zake zilifanana na mbegu za giligilani. Ukionja, kama mkate mwembamba uliotiwa asali. Watu wakaulizana ni kitu gani hiki, na neno lile la kuuliza kwa Kiebrania, "man", ndilo likawa jina lake: mana.

Amri ilikuwa fupi. Kila mtu pishi moja kwa siku, na asiwepo wa kubakiza mpaka asubuhi. Wakatoka na vyombo vyao. Mwenye nguvu aliokota nyingi, mzee na mgonjwa wakaokota kidogo, lakini walipokuja kupima, aliyeokota nyingi hakubakiwa na ziada na aliyeokota kidogo hakupungukiwa. Jua lilipokuwa kali, iliyobaki chini ikayeyuka.

Kuna waliobakiza. Biblia haitaji majina yao, nami siwalaumu upesi. Namwona baba mmoja mwenye watoto wengi, usiku, watoto wamelala, anafunika chungu kwa nguo na kukisukuma nyuma ya mzigo. Kesho nani anajua? Asubuhi chungu kilinuka hema zima, na alipofunua, mabuu yalikuwa yakitembea. Musa alikasirika.

Msije mkaelewa vibaya mkasema Mungu hapendi akiba. Ni Mungu huyohuyo aliyemfundisha Yusufu kuweka ghalani nafaka ya miaka saba, ikaokoa Misri nzima. Haba na haba hujaza kibaba ni neno la kweli, tulishike. Lakini akiba ya baba yule ilikuwa imetoka kwenye hofu ya utumwa: chakula cha leo amepewa bure, na bado haamini kwamba aliyempa leo atakuwepo kesho.

Wakajifunza. Siku ya kwanza pishi moja, ya pili moja, ya tatu, ya nne, ya tano. Kisha ikafika siku ya sita, nayo ndiyo Ijumaa yetu, na jambo likawa tofauti. Walipopima, kila mtu alikuwa na pishi mbili. Viongozi wakashtuka. Walikuwa wameshaona mana ya ziada ikioza, sasa watafanya nini na hii? Wakaenda mbio kwa Musa.

Musa akawaeleza kwamba kesho ni siku ya kupumzika, Sabato, takatifu kwa Bwana. Basi leo okeni cha kuoka, chemsheni cha kuchemsha, na kitakachobaki mkiweke mpaka asubuhi.

Bibi alipofika hapa alishusha sauti. "Unaona?" aliniambia. "Hakuwaambia pumzikeni halafu ndipo akatafuta chakula. Chakula kilitangulia. Walikuwa wameshakipima, kimo kwenye vyombo, ndipo wakaambiwa kuhusu siku ya kupumzika."

Fikirini usiku ule. Yule baba wa mabuu amefunika chungu tena, safari hii kwa kuambiwa. Ni mana ileile na chungu kilekile, na harufu ya juzi bado anaikumbuka puani. Alilalaje? Nadhani aliamka mara mbili tatu kunusa. Asubuhi akafunua, na mana ilikuwa nyeupe, safi, haina buu hata moja. Akala na wanawe bila kuinama kuokota. Pengine ndiyo asubuhi ya kwanza ya maisha yake kula chakula ambacho siku hiyo hakukifanyia kazi.

Na bado kuna waliotoka. Kambi imepumzika, chakula kimo hemani, wao wanaondoka alfajiri na vyombo vyao kwenda kutafuta. Hawakukuta kitu. Jangwa lilikuwa tupu kama lilivyokuwa kabla. Mungu alisikitika akamuuliza Musa hawa watu watakataa kusikia mpaka lini. Lakini hakuwakatia mana. Watu wale waliendelea kulishwa kwa miaka 40, kwa hiyo pishi mbili za siku ya sita walizipokea zaidi ya mara 2,000, mpaka walipovuka Yordani, wakapiga kambi Gilgali karibu na Yeriko, wakafanya Pasaka na kula mazao ya nchi ya Kanaani. Siku iliyofuata mana ikakoma, maana sasa walikuwa na chakula cha nchi ile.

Katika mazungumzo yale ya jangwani lilitumika neno ambalo nimelibeba tangu utoto. Waliambiwa kwamba Bwana amewapa Sabato. Amewapa, kama mtu anavyopewa zawadi. Amri Kumi zilikuwa hazijatolewa. Mlima Sinai walikuwa hawajaufikia. Siku ya kupumzika waliionja kwanza kama chakula kitamu, na kuisikia kama amri kulikuja baadaye. Wayahudi hawajasahau: mpaka leo, Ijumaa jioni, huweka mezani mikate miwili iliyofunikwa kitambaa, kukumbuka zile pishi mbili.

Ukirudi nyuma zaidi, kwenye kitabu cha Mwanzo, unakuta jambo hilohilo. Mwanadamu aliumbwa siku ya sita. Siku yake ya kwanza nzima duniani ilikuwa ya saba. Kabla hajalima tuta moja, alipumzika, katika bustani iliyokwisha kupandwa na Mungu.

Wengine mtaniuliza kama siku hiyo ni Jumamosi au Jumapili. Wakristo walio wengi hukutana Jumapili kwa sababu ndiyo siku aliyofufuka Bwana Yesu. Sisi wa nyumba ya bibi tulishika Jumamosi. Kijijini kwetu zilikuwepo nyumba za aina zote mbili, na hapo ndipo nilipoona jambo ninalotaka kuwasimulia.

Upareni kuna ndiva. Ni bwawa la kienyeji: maji ya kijito hukusanywa humo usiku, asubuhi lango hufunguliwa, maji yakashuka kwa mifereji mpaka mashambani, na kila nyumba ina zamu yake. Zamu ikikupita umekosa, usubiri inayofuata. Mwaka mmoja mvua zilikuwa haba. Mahindi ya bibi yalikuwa yamefika kiunoni, majani yameanza kujikunja kama karatasi karibu na moto. Na zamu yake ikaangukia Jumamosi.

Watu walimwambia aende tu, Mungu anaelewa. Bibi hakubishana nao. Alikuwa ameamua kuiacha ipite, na nilimwona jioni ya Jumatano akisimama pembeni mwa shamba, anashika jani moja moja, hasemi kitu. Bibi aliogopa. Siwezi kuwaambia hakuogopa.

Alhamisi alikuja jirani yetu, mzee wa Kilutheri, na fimbo yake. Akasalimia, akakaa kwenye kigoda, akazunguka na habari za mbuzi. Mwisho akasema: "Dada yangu, zamu yangu ya maji ni Jumapili, nami nina ibada. Yako ni lini?"

"Jumamosi, kaka," akajibu bibi.

Wakatazamana, wakacheka mpaka bibi akajifuta macho kwa upindo wa kanga. Jumamosi mzee yule alimwagilia shamba lake sisi tukiwa kanisani. Jumapili tukamwagilia letu, kengele ya kwao ikilia.

Sikumbuki muujiza wowote mwaka ule. Mahindi mengine yalikufa, mengine yakazaa, tukala. Lakini tangu siku ile, nikisikia watu wakisema Mungu atatoa, namkumbuka jirani kwenye kigoda anazunguka na habari za mbuzi.

Bwana Yesu naye alikuta siku hii imewekewa miiba mingi. Wanafunzi wake walipita shambani siku ya Sabato wakiwa na njaa, wakavunja masuke wakala, wakalaumiwa. Akawajibu waliowalaumu kwamba siku hii ilifanywa kwa ajili ya mwanadamu. Sabato nyingine, ndani ya sinagogi, alimwona mama aliyepinda mgongo miaka 18, hawezi kujiinua hata kidogo. Akamwita, akamwekea mikono, yule mama akanyooka palepale. Mkuu wa sinagogi akakasirika. Yesu akamuuliza: ng'ombe wenu na punda wenu, si mnawafungua kamba siku ya Sabato mkawanyweshe maji? Basi huyu mama je? Kumbe kupumzika ni kufunguliwa kamba.

Mtu mmoja aliyeelewa hilo vizuri alikuwa mkimbiaji, Eric Liddell, Mskoti aliyezaliwa China mwaka 1902. Mwaka 1924 alikuwa anakwenda Michezo ya Olimpiki ya Paris akiwa mmoja wa wenye kasi zaidi Uingereza kwenye mita 100. Ratiba ilipotoka, mchujo wa mbio hizo ulikuwa Jumapili. Akasema hatakimbia, na hakubadilika. Akajizoeza mita 400, mbio isiyokuwa yake, na tarehe 11 Julai akashinda kwa sekunde 47.6, dhahabu na rekodi mpya. Habari hiyo huenda mmeshaisikia. Ninayoipenda zaidi ni ya baadaye. Alirudi China kuwa mmisionari, na wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia Wajapani wakamfungia kambini, Weihsien, pamoja na watoto wengi waliotenganishwa na wazazi wao. Jumapili moja vijana wale walicheza mpira wa magongo bila msimamizi, wakaishia kupigana. Liddell, yule aliyeziacha mbio za Jumapili kwenye Olimpiki, akakubali kuwa mwamuzi wao Jumapili. Alifia kambini Februari 1945, miezi michache kabla vita haijakwisha. Mbio za Jumapili alizikataa kwa ajili ya Mungu, na uwanja wa Jumapili aliuingia kwa ajili ya watoto wa watu. Mimi sioni kupingana hapo.

Sasa niwaambie neno langu, ninyi mnaosoma. Katika Amri Kumi, kama zinavyorudiwa kwenye Kumbukumbu la Torati, Mungu anataja nani apumzike: wewe, mwanao wa kiume na wa kike, mtumishi wako mwanamume na mwanamke, ng'ombe wako, punda wako, na mgeni aliye kwako. Kisha anatoa sababu: kumbukeni mlikuwa watumwa Misri. Aliyewahi kuwa mtumwa asije akageuka Farao ndani ya nyumba yake.

Nimeingia nyumba nyingi za Wakristo siku ya ibada. Familia imerudi kanisani, imekaa sebuleni, imevua viatu. Jikoni kuna mtu mmoja bado amesimama. Ni dada wa kazi, msichana wa miaka 18 au 20, anakaanga, anaosha, anapiga pasi sare za shule, na tangu Jumatatu hajapata nusu siku ya kukaa. Nyumba nyingine, mtu huyo ni mama yenu.

Kwa hiyo wiki hii, siku moja kabla ya siku yenu ya ibada, tekeni maji mara mbili. Osheni vyombo vyenu, pigeni pasi sare zenu, maharage yachemshwe mapema. Kisha nendeni jikoni mkamuulize dada angependa kufanya nini kesho, maana kesho ni yake pia.